Safari ya Nuru Ndani ya Vitu Visivyo Sawa, na Amana ya Kunasibisha Elimu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darsa na vikao vyetu, inapotajwa elimu ya nuru, jina la kwanza kutamkwa ni la Ibn al-Haytham, na hiyo ni haki yake. Lakini si mara chache utamsikia msemaji akivuka mpaka, akadai kwamba kila walichokuja kukisema wanasayansi wa Ulaya kuhusu nuru kilikuwa kimekwisha kuandikwa Basra, Baghdad na Cairo. Upande wa pili wako wanaosema kwamba Waislamu walikuwa matarishi tu, waliovipokea vitabu vya Wayunani na kuwakabidhi Wazungu bila ya kuongeza kitu. Kauli zote mbili si za kweli. Na aliyesoma elimu ya hadithi hawezi kuziridhia, kwa sababu yeye anajua uzito wa kumnasibishia mtu neno asilolisema, na uzito wa kumnyima mtu neno alilolisema.

Katika makala hii tumechagua mas-ala moja tu ili tuipime dawa hiyo ya uadilifu, nayo ni namna nuru inavyobadilika inapopita ndani ya vitu visivyo sawa. Tunakusudia vitu vya aina mbili. Aina ya kwanza ni vile vinavyotofautiana kutoka mahali hadi mahali, kama vile hewa ambayo chini ni nzito na juu ni nyepesi, au kioo kilichobanwa sehemu moja na kuachwa sehemu nyingine. Aina ya pili ni vile vinavyotofautiana kwa kufuata upande, kama vile mawe ambayo nuru ikiyapita kwa urefu huenda kwa kasi moja na ikiyapita kwa upana huenda kwa kasi nyingine. Tutatazama wazee wetu walijua nini katika haya, hawakujua nini, na kwa nini.

MABADILIKO MAWILI YA NURU

Nuru inapoingia ndani ya vitu hivi hupatwa na mabadiliko mawili makubwa. La kwanza ni njia yake kupinda. Jambo hili kila mtu analiona: fimbo iliyotiwa ndani ya maji huonekana kana kwamba imevunjika.

La pili ni kubadilika kwa upande wa mtetemo wake, na hili halionekani. Ndugu msomaji, chukua kamba, ncha yake moja uifunge kwenye nguzo na nyingine uishike mkononi. Ukiitikisa juu na chini, mawimbi yatakwenda yakipanda na kushuka. Ukiitikisa kushoto na kulia, mawimbi yatakwenda yakilala. Njia ni ile ile na mwendo ni ule ule, lakini upande wa mtetemo umetofautiana. Nuru nayo ni kama hivyo. Ile itokayo juani ina mitetemo ya pande zote iliyochanganyika. Ikitokea sababu ya kubakisha mitetemo ya upande mmoja na kuondoa mingine, nuru hiyo husemwa kuwa imepata polaraizesheni.

Jicho la mwanadamu linapambanua ukali wa nuru na rangi yake, lakini kuhusu upande wa mtetemo karibu halina habari kabisa. Msingi huu tunaomba msomaji aushike, kwani ndio utakaotufahamisha kwa nini elimu ya badiliko la kwanza ilitangulia elimu ya badiliko la pili kwa karne nyingi.

WALIOIFUATA NJIA YA NURU

Katika badiliko la kwanza, mchango wa wanavyuoni wa Kiislamu uko wazi, na hatuhitaji kuutia chumvi. Mnamo mwaka 984 hivi, huko Baghdad, Ibn Sahl aliandika risala juu ya vioo na lenzi za kuunguzia. Ndani yake alitumia uhusiano sahihi wa kijiometri unaoonyesha nuru itapinda kiasi gani ikitoka kitu kimoja na kuingia kingine. Kanuni hiyo leo hunasibishwa na Snell wa Uholanzi, aliyeifikia mwaka 1621, na Descartes wa Ufaransa aliyeichapisha mwaka 1637. Kazi ya Ibn Sahl ilijulikana vyema kwa watafiti baada ya uchunguzi wa Roshdi Rashed uliotolewa mwaka 1990. Haki yake, basi, ilikaa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kurejeshwa.

Kisha akaja Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 354 Hijria, sawa na 965, na kufariki yapata mwaka 1040 baada ya kuishi Cairo. Kitabu chake cha al-Manazir kina sehemu saba, na ya saba inahusu kupinda kwa nuru. Humo anaeleza kwamba nyota haionekani mahali pake hasa, kwa sababu nuru yake hupinda kabla ya kutufikia. Alieleza pia namna ya kulijaribu jambo hilo: ipimwe nyota ile ile umbali wake na ncha ya mbingu ikiwa karibu na upeo, kisha ipimwe tena ikiwa juu, na vipimo viwili hivyo vilinganishwe. Majaribio ya namna hii aliyaita i'tibar. Hata hivyo yeye aliiona nuru ikipinda mpakani, pale mbingu inapokutana na hewa. Kwamba hewa yenyewe ina tabaka zisizohesabika, na kwamba nuru hupinda kidogo kidogo njia nzima, hayo yalifafanuliwa baadaye na wengine.

Yuko na wa tatu ambaye maimamu na wanafunzi wa fiqhi wanapaswa kumjua, kwa kuwa alikuwa mwenzao. Naye ni Abu Abdillah Ibn Mu'adh al-Jayyani, kadhi wa Andalusia katika karne ya 11. Aliandika risala juu ya alfajiri na shafaki, akahesabu kwamba weupe wa alfajiri huanza jua likiwa nyuzi 18 hivi chini ya upeo, na kutokana na hesabu hiyo akakadiria urefu wa hewa yenye mvuke kuwa takriban maili 52. Risala hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini, ikachapishwa Ulaya katika karne ya 16, na kwa muda mrefu ikanasibishwa na Ibn al-Haytham. Ni mwaka 1967 ndipo mtafiti A. I. Sabra alipothibitisha kwamba mwandishi wake ni yule kadhi wa Jaén. Tazama namna jina kubwa linavyoweza kumeza kazi ya mtu mwingine bila ya mwenye jina kuwa na kosa lolote.

Wa nne ni Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki yapata mwaka 1319, mwanafunzi wa Qutb al-Din al-Shirazi. Alikisoma al-Manazir, akakisherehesha na kukisahihisha katika kitabu chake Tanqih al-Manazir. Ili aujue upinde wa mvua, alichukua chombo cha kioo cha mviringo, akakijaza maji na kukifanya mfano wa tone moja la mvua, kisha akaufuatilia mwanga ndani yake. Akabainisha kwamba nuru hupinda ikiingia, huakisiwa ndani, na hupinda tena ikitoka. Karibu na zama hizo hizo Theodoric wa Freiberg, mtawa wa Kijerumani, alifika kwenye jibu kama hilo bila ya wawili hao kujuana.

Nuru ya upinde wa mvua ina polaraizesheni kubwa sana. Al-Farisi aliitazama nuru hiyo pengine kuliko mtu yeyote aliyemtangulia, akaieleza njia yake kwa usahihi, na upande wa mtetemo wake ukampita. Haukumpita kwa uzembe, bali kwa sababu jicho halikumpa habari.

BILAURI YA ZANJI

Hapa historia inatugusa sisi watu wa pwani. Neno letu bilauri, tunalolitumia kwa chombo cha kunywea, limetokana na neno la Kiarabu la jiwe jeupe linalopenyeza nuru kama maji. Wanasayansi huliita jiwe hilo kwatsi. Al-Biruni, katika kitabu chake juu ya vito, ameeleza kwamba jiwe hilo lilikuwa likiletwa Basra kutoka visiwa vya Zanji na visiwa vya Dibajat, na huko Basra likachongwa kuwa vyombo. Misri nayo ilikuwa na mafundi hodari katika zama za Wafatimi. Msafiri Nasir-i Khusraw, aliyefika Cairo mwaka 1047, aliwaona wakilichonga sokoni. Birika moja la jiwe hilo, lenye jina la khalifa al-Aziz aliyetawala kuanzia 975 hadi 996, lipo mpaka leo katika hazina ya kanisa la San Marco, Venice.

Kwatsi ni katika vitu vya aina ya pili tulivyovitaja, vinavyotofautiana kwa kufuata upande. Nuru ikiingia humo hugawanyika sehemu mbili zenye mitetemo tofauti na kasi tofauti. Lakini tofauti yenyewe ni ndogo mno: kipimo cha kupinda kwa sehemu moja ni 1.544 na kwa nyingine ni 1.553. Fundi aliyechungulia ndani ya kipande chake aliona sura moja tu, na hakuwa na sababu ya kushuku.

Hata hivyo, lau angejua la kufanya, angeweza kuliona badiliko hilo. Anga ya buluu, hasa ile iliyo robo ya duara kutoka penye jua, hutoa nuru yenye polaraizesheni. Maji yaliyotulia, yakitazamwa kwa pembe ya nyuzi 53 hivi kutoka wima, huakisi mitetemo ya upande mmoja tu. Ukishika kipande chembamba cha kwatsi kati ya anga na maji hayo, kisha ukatazama kivuli chake majini, rangi zinaweza kujitokeza. Anga ilikuwepo Cairo, kwatsi ilikuwepo, na maji ya Nile yalikuwepo. Vifaa havikukosekana, kilichokosekana ni jambo la kushangaza litakalomlazimisha mtu aulize.

JIWE LA ICELAND NA MHANDISI WA MISRI

Jambo hilo la kushangaza lilitoka kisiwa cha Iceland, ambako hupatikana aina ya kalsaiti safi kama kioo. Vipimo vyake viwili ni 1.658 na 1.486, na tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho tupu: ukiliweka juu ya mstari mmoja wa maandishi, utasoma mistari miwili. Mwaka 1669 Rasmus Bartholin wa Copenhagen akaandika juu ya maajabu hayo. Mwaka 1690 Christiaan Huygens akachapisha kitabu chake juu ya nuru, akaeleza kwamba nuru iliyokwisha pita ndani ya jiwe moja, ikipitishwa katika la pili, huenda ikagawanyika tena au isigawanyike, kwa kutegemea jiwe la pili limegeuzwa vipi. Akakiri waziwazi kwamba sababu yake hajaipata. Kukiri huko tunakuhesabu kuwa katika adabu za elimu.

Aliyefungua fundo ni Étienne-Louis Malus, mhandisi wa jeshi la Ufaransa. Huyu alifika Misri mwaka 1798 pamoja na jeshi la Napoleon, akawa mjumbe wa taasisi ya elimu iliyoundwa Cairo, akaugua tauni huko Jaffa mwaka 1799, na akapona. Hatuwezi kuusahau upande wa pili wa safari hiyo: jeshi lile liliingia nchi ya Waislamu kwa mabavu, na damu nyingi ilimwagika Cairo na Jaffa. Lakini uadilifu hauruhusu chuki ifute sifa ya kazi. Mwaka 1808, akiwa Paris, Malus alitazama kwa jiwe la Iceland mwanga wa jua ulioakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg, akaona kwamba kadiri anavyoligeuza jiwe, sura moja hufifia na nyingine hung'aa. Akafahamu kwamba nuru hupata hali ile hata kwa kuakisiwa tu. Neno polaraizesheni ni lake. Alifariki mwaka 1812 akiwa na umri wa miaka 36.

KUTOKA KIOO KILICHOBANWA HADI NJIA ILIYOJIZONGA

Baada ya Malus mlango ukawa wazi. Mwaka 1811 François Arago alionyesha kwamba nuru yenye polaraizesheni ikipita katika kwatsi kwa kufuata mhimili wake, upande wa mtetemo huzunguka kadiri inavyosonga mbele. Kwa nuru ya manjano, kwatsi ya unene wa milimita moja huuzungusha kiasi cha nyuzi 21.7. Hii ni kwatsi ile ile iliyochongwa Basra na Cairo.

David Brewster wa Uskoti, mnamo miaka ya 1815 na 1816, akaonyesha kwamba hata kioo cha kawaida kikibanwa hupata tabia ya mawe hayo, kwa kiasi kinachotofautiana kutoka sehemu hadi sehemu kulingana na nguvu iliyokibana. Nuru ikitoka upande wa pili huwa imebeba ramani ya mabano hayo, na ikitazamwa kwa kifaa kinachochuja mitetemo hutoa mistari ya rangi. Wahandisi walilitumia jambo hili kuchunguza mifano ya madaraja na mihimili. Nawe waweza kuliona ukivaa miwani ya jua yenye kichujio cha namna hiyo na kutazama madirisha ya magari: madoa na mistari inayojitokeza ni alama za namna kioo kilivyopozwa kiwandani.

Mwaka 1911 Charles Mauguin akaeleza hali ya vimiminika ambavyo chembe zake zimejipanga tabaka juu ya tabaka, kila tabaka ikigeuka kidogo kuliko iliyo chini yake, mfano wa ngazi ya kuzunguka. Mpindo huo ukiwa wa taratibu, upande wa mtetemo wa nuru huufuata hatua kwa hatua. Kwa kanuni hiyo zilitengenezwa, kuanzia miaka ya 1970, nyuso za saa za tarakimu na za vikokotozi.

Ilibaki mas-ala ngumu zaidi: je, kitu kisicho na upande maalumu, lakini kinachotofautiana kutoka mahali hadi mahali, nacho hubadilisha upande wa mtetemo? Mwaka 1938 Sergei Rytov wa Urusi alionyesha kwamba inategemea umbo la njia. Nuru ikipinda huku ikibaki katika bapa moja, mfano wa mstari uliochorwa ukutani, upande wa mtetemo hauzunguki. Lakini njia ikijizonga kama mtambaa juu ya mti, upande wa mtetemo hugeuka kwa kiasi kinachotokana na mzongo huo. Mwaka 1956 S. Pancharatnam, kijana wa Bangalore, India, alionyesha kwamba nuru iliyopitishwa katika mfululizo wa hali na kurejeshwa hali yake ya mwanzo hubaki na athari ya mzunguko ule. Mwaka 1984 Michael Berry wa Uingereza akaliweka jambo la namna hii katika kanuni pana, na mwaka 1986 Tomita na Chiao wakalithibitisha kwa kupitisha nuru ndani ya uzi wa kioo uliozungushwa kama springi.

Msomaji wa elimu ya isnadi hatashangaa. Naye hatosheki kujua kwamba habari imefika. Huuliza imepita kwa nani na nani, kwa sababu njia huacha alama katika kile kinachopita.

YANAYOMHUSU MWENYE KUFUATILIA NYAKATI NA MIEZI

Yako mambo mawili yenye manufaa kwa anayepanga ratiba za sala au anayetafuta mwezi mwandamo.

Kwanza, tabaka za hewa huinua sura ya jua karibu na upeo kwa kiasi cha dakika 34 za nyuzi, na upana wa jua lenyewe ni dakika 32 hivi. Maana yake, unapoliona jua limekaa juu ya upeo wa bahari likiwa duara kamili, kwa hesabu tupu limekwisha kuzama. Ndiyo maana wanaohesabu wakati wa Magharibi huweka kituo cha jua dakika 50 chini ya upeo, yaani 34 za kupinda na 16 za nusu ya upana wa jua, ili hesabu ilingane na kile kinachoonwa na macho. Kiasi hicho nacho huongezeka na kupungua kwa joto na mgandamizo wa hewa. Basi asidhani mtu kwamba sekunde zilizoandikwa katika ratiba ni za kukata shauri.

Pili, wako wanaodhani kwamba kichujio cha polaraizesheni kikitiwa kwenye darubini kitaudhihirisha mwezi mwandamo kwa kuizima nuru ya anga. Kichujio hicho husaidia pale anga inapokuwa na polaraizesheni kubwa, na pale ni nyuzi 90 kutoka penye jua. Mwezi mwandamo wa usiku wa kwanza huwa karibu na jua, mara nyingi nyuzi kumi hivi au zaidi kidogo, na huko polaraizesheni ya anga ni dhaifu. Kwa hiyo manufaa yake ni machache. Hukumu ya kuona kwa chombo ina mlango wake katika vitabu vya fiqhi na wanavyuoni wana kauli zao. Sisi tumetaja hali ya chombo tu, ili atakayehukumu ahukumu juu ya jambo analolijua.

HITIMISHO

Tukirudi kwenye mizani tuliyoanza nayo, tunaona hivi. Kanuni ya kupinda kwa nuru, majaribio ya kupinda kwake angani, hesabu ya alfajiri na ufafanuzi wa upinde wa mvua vina majina ya Ibn Sahl, Ibn al-Haytham, Ibn Mu'adh na al-Farisi, na anayeyafuta anadhulumu. Polaraizesheni ina majina ya Bartholin, Huygens, Malus na waliowafuata, na anayewapokonya ili awavishe wazee wetu naye anadhulumu, tena anawadhulumu wazee wenyewe. Kwani Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha kuonyesha shaka zake juu ya Ptolemy, na al-Farisi alimsahihisha Ibn al-Haytham ilhali akimheshimu. Watu wa namna hiyo hawahitaji sifa za bandia.

Tunawanasihi wanafunzi wetu walifanye hili kuwa desturi: wakisikia kwamba fulani aligundua jambo, waulize ni katika kitabu gani, mwaka gani, na nani aliyethibitisha. Hayo ndiyo masuali waliyoyazoea katika hadithi, na elimu ya nuru inastahiki masuali hayo hayo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.